Rejeta ya Pikipiki Iliyoanguka

Miongoni mwa barua zilizofika mezani pangu juma hili imo moja ya mama mmoja, mke wa askari polisi, akaaye katika nyumba za polisi huko Mbarara. Aeleza kwamba mume wake, alipokuwa akirudi kutoka zamu usiku wa mvua, aliteleza akaanguka na pikipiki yao wenyewe, waliyoinunua kwa mkopo wa chama cha akiba ambao bado hawajaumaliza. Mume hakuumia ila alichubuka kiwiko. Pikipiki nayo ilionekana nzima, lakini asubuhi yake wakakuta chini yake kidimbwi kidogo cha maji ya kijani. Fundi wa kwanza amewaambia wanunue rejeta mpya. Fundi wa pili amewaambia wavunjie yai ndani ya rejeta hiyo hiyo. Mama auliza amsikilize nani kati ya hao wawili, kisha aongeza chini ya sahihi yake: mume wangu asema ataiendesha hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi, maana inawaka vizuri.

Ni maneno hayo ya mwisho yaliyonifanya niiweke kando mada niliyokuwa nimeitayarisha, ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu. Maharage yatangoja. Mimi mwenyewe nilipata kusema "inawaka vizuri", na neno hilo lilinigharimu makato ya mshahara ya miezi tisa.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nimepewa pikipiki ya kazi, ya aina ile ipozwayo kwa maji, ili nizungukie shule za vijijini kukusanya orodha za wanafunzi. Kwenye kona moja ya barabara ya changarawe, mvua ikiwa imekatika punde, gurudumu la mbele liliteleza nami nikalala chini upande wa kushoto. Mwendo ulikuwa mdogo. Kioo kilivunjika, suruali ikapasuka gotini, orodha zikatapakaa matopeni. Walikuwapo watoto watokao shule, nao walicheka kama watoto wachekavyo. Ndugu msomaji, aibu ni kitu kibaya barabarani. Niliokota karatasi zangu, nikaiinua pikipiki, nikabonyeza kitufe, ikawaka mara moja. Sikutazama chini. Niliondoka kwa haraka ili kona ile na vicheko vile vibaki nyuma yangu.

Nilikwenda kilomita kumi na moja hivi. Njiani nilisikia harufu tamu, kama ya sukari iunguayo, nikadhani ni watu wapikao kando ya njia. Saa ya kuonyesha joto ilikuwa imejaa tope. Nilipoanza kupanda kilima cha mwisho injini ikakosa nguvu, ikagonga mara mbili tatu, kisha ikakaza, na gurudumu la nyuma likaburuzika kama lililofungwa kamba. Fundi alipofungua alinionyesha tundu lililonimaliza. Lilikuwa dogo kama jicho la sindano. Kibati kishikacho rejeta kilikuwa kimepinda na kuukandamiza mrija mmoja mpaka ukatoboka. Tundu lile lingezibwa kwa saa moja. Lakini pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, na silinda hedi imepinda, na hayo hayazibwi. Kuanguka hakukuiharibu ile pikipiki. Niliiharibu mimi, kwa zile kilomita kumi na moja.

Yafaa kwanza tuelewe ni pikipiki gani tunayoizungumzia, maana si zote zilizo na rejeta. Zile ndogo zinazobeba abiria kila mahali, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, hupozwa kwa upepo tu. Injini yake ina mapezi makubwa ya chuma nje, basi. Mwenye pikipiki ya namna hiyo na asome ukurasa huu kwa faida ya jirani. Bajaj Pulsar NS200 hupozwa kwa maji, na pikipiki kubwa za safari ndefu nyingi ni hivyo. Kawasaki KLR 650, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1987, ina rejeta moja iliyokaa upande wa kushoto, kwa hiyo ikilalia upande huo ndiyo hupokea pigo. Pikipiki za mashindano ya matopeni huwa na rejeta mbili, moja kila upande. Ukitaka kujua yako, piga goti mbele yake utazame nyuma ya gurudumu la mbele au ubavuni: ukiona kisanduku bapa chenye mistari mingi myembamba kama kurasa za kitabu, na mipira miwili minene ikiingia na kutoka, hiyo ndiyo rejeta.

Kazi yake ni rahisi kuifahamu. Maji huzungushwa na pampu ndogo, hupita ndani ya kuta za injini yakichukua joto, kisha huingia katika rejeta na kugawanyika katika mirija myembamba, bapa, iliyopangwa kama ngazi. Baina ya mrija na mrija kuna vibati vyembamba sana, navyo huitwa mapezi. Mapezi hulipokea joto kutoka kwa mrija na kuupa upepo. Joto likizidi, feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta huanza kuvuma. Yote hayo, mirija na mapezi, katika pikipiki za siku hizi ni ya alumini nyembamba, nayo ni laini kiasi kwamba kidole chaweza kulipinda pezi.

Kifuniko chake nacho si cha kuzuia vumbi tu. Hapo Mbarara, palipo juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,400, maji yaliyo wazi huchemka yafikapo karibu nyuzi 95, wala hayangoji nyuzi 100 kama yafanyavyo Mombasa. Kabale huchemka mapema zaidi, karibu nyuzi 94. Injini ya pikipiki ikipanda kilima yaweza kuyapita hayo kwa urahisi. Kifuniko, kwa springi yake, huyabana maji yasichemke mpaka yafike nyuzi 115 au hata 120. Kwa hiyo ukifungua kifuniko cha rejeta yenye moto, unayaachilia kwa mara moja maji yaliyokuwa yamebanwa kupita kiwango chake cha kuchemka, nayo hugeuka mvuke papo hapo usoni mwako. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Nimeona mkono wa fundi mmoja uliofungwa bendeji tangu kiwiko hata vidole kwa sababu hiyo.

Sasa tuseme umeanguka. Jambo la kwanza ni mwili wako, na la pili ni kuzima injini, kwani baadhi ya pikipiki huendelea kuvuma zikiwa zimelala, nayo mafuta ya injini yanakuwa yamekimbilia upande mmoja. Isimamishe. Kisha, kabla ya kuiwasha tena, chuchumaa utazame chini kwa muda wa dakika tano. Dakika tano si nyingi. Hata askari aliye katika zamu anazo. Tazama kama kuna kidondoko. Maji ya rejeta huwa na rangi, kijani mara nyingi, au nyekundu au buluu, na hunuka utamu, kwa hiyo hutayachanganya na maji ya mvua. Tazama mipira miwili, kama haijachomoka au kukunjwa. Tazama kama rejeta imesukumwa nyuma ikagusa feni, kisha izungushe feni kwa kidole. Ikigoma, rejeta yaweza kuwa nzima kabisa na injini ikaungua vilevile, maana utakapofika penye msongamano hapatakuwa na upepo wa kuipoza. Futa tope katika saa ya joto na katika taa yake nyekundu. Hilo la mwisho mimi sikulifanya.

Usipoona kitu, iwashe, iache ivume palepale dakika chache huku ukitazama chini. Matundu mengine hayatoi maji mpaka yabanwe na joto.

Ukiona maji yanatoka, uamuzi mwema ni kuipakia pikipiki katika gari. Mwenye gari la mizigo apitaye njia hiyo atataka malipo yake, na utaona ni mengi. Nakuambia kwa ushahidi wa hati zangu za mshahara kwamba si mengi. Walakini zipo sehemu ambako gari halipiti hadi kesho, na yupo askari ambaye hana ruhusa ya kulala porini na pikipiki ya serikali. Kwa huyo iko njia ya shida. Ngoja nusu saa au zaidi mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua. Funika kifuniko kwa kitambaa kizito kilichokunjwa, geuza uso pembeni, fungua nusu mpaka kizuio cha kwanza, ungoje kunyamaze, ndipo umalizie. Jaza maji safi ya kunywa. Kisha rudisha kifuniko lakini usikikaze mpaka mwisho, ili maji yasibanwe. Yasipobanwa hayatoki kwa nguvu katika tundu. Endesha kwa mwendo wa pole, gia ya juu, kilomita mbili tatu, usimame, uzime, ungoje ipoe, ujaze tena. Kwenye mteremko zima injini uteremke kwa breki, ikiwa njia ni nyeupe na salama. Saa ya joto ikianza kupanda, simama hapo hapo ulipo, hata kama unakiona kituo chako. Na kumbuka kwamba kifuniko kikiwa kimelegea, maji yako yanachemka kwenye nyuzi 95 zile, hivyo hutapata nafasi ya kuchezea.

Nije kwenye yai. Si uongo wa fundi wa pili. Madereva wa malori wa zamani walilifanya, na wengine walitia pilipili manga au unga wa binzari. Ute wa yai hugandishwa na joto la maji, na vipande vyake vikisukumwa kwenye tundu huliziba. Shida ni kwamba yai halijui lipi ni tundu na upi ni mrija. Rejeta ya lori la zamani ilikuwa na mirija mipana. Ya pikipiki ina mirija ambayo kijiti cha kiberiti hakiingii ubavuni mwake. Utaliziba tundu moja na mirija mitano, na baada ya juma mbili utapata ndani uvundo ambao sitaueleza katika ukurasa unaosomwa mezani. Zile poda za madukani za kuziba rejeta zina hatari iyo hiyo, ingawa hazinuki. Yai apewe mtoto. Wengine husugua kipande cha sabuni kwenye ufa. Sabuni hufaa tangi la petroli, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Kwenye maji huyeyuka kabla hujafika sokoni.

Kuhusu kununua mpya, fundi wa kwanza pia asikatazwe mapema, lakini na aitwe baada ya kutazama vizuri. Ivueni rejeta nje ya pikipiki, baada ya kuyamwaga maji yote katika beseni ambalo halitapikiwa tena kamwe. Nitalirudia jambo la beseni. Ioshe kwa maji ya bomba yatiririkayo, kutoka upande wa nyuma, ili tope litoke lilikoingilia. Halafu izibe mipira kwa vizibo vya mti vilivyofungwa kwa ukanda wa tyubu, tia upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli, uizamishe ndani ya karai la maji. Mahali povu litokapo ndipo palipotoboka. Usitie upepo kupita kiasi kilichoandikwa juu ya kifuniko. Kwa pikipiki nyingi ni karibu na 1.1, yaani ratili 16 hivi katika geji ya pampu. Ukizidisha utaipasua iliyo nzima.

Kama hakuna povu, basi ni mapezi tu yaliyolala. Mapezi yaliyolala hayavuji lakini huzuia upepo. Yainue moja moja kwa kisu cha mezani kisicho na makali au bisibisi ndogo bapa, ukiwa umekaa penye mwanga mzuri, bila kuugusa mrija. Ni kazi ya subira, na watoto wakubwa huiweza kuliko baba zao. Vitabu vya utengenezaji vya Kawasaki husema kwamba eneo lililozibika au kupinda bila kunyooka likizidi asilimia 20 ya rejeta, ibadilishwe. Chini ya hapo yaweza kuendelea. Mimi ningeongeza kwamba katika nchi yetu ya vilima usiisogelee sana hiyo asilimia 20.

Ikiwa rejeta nzima imepindwa kama ubao ulionyeshewa, inyooshe polepole kwa mikono miwili juu ya meza, kipande cha ubao laini kikiwa chini yake. Usitumie nyundo. Alumini hukubali kupindwa mara moja na kunyooshwa mara moja. Ya tatu hupasuka. Kwa hiyo ikifika mahali inaposhikika katika skrubu zake bila kuvutwa, iache hapo, hata kama jicho lako halijaridhika.

Povu likitoka katikati, kwenye mrija, pana dawa ambayo mafundi wazuri huijua. Ondoa mapezi yaliyo karibu na tundu, sentimita mbili kila upande. Kata mrija huo pale ulipotoboka, zikunje ncha zake mbili kwa plaizi nyembamba kama ukunjavyo mdomo wa tyubu ya dawa ya meno, uzibane kabisa. Zipige msasa mpaka alumini ing'ae, zifute kwa spiriti, ziache zikauke. Kisha zipake gundi ya chuma, ile iuzwayo katika tyubu mbili za kuchanganywa kwa kadiri sawa, iingie mpaka katika mikunjo. Iache saa 24. Kwenye baridi ya Kabale iache hata siku mbili, maana gundi hiyo hukauka kwa joto. Mrija ule umekufa, maji hayapiti tena humo, lakini rejeta yenye mirija ishirini ikipoteza mmoja imepoteza sehemu moja katika ishirini tu. Miwili, bado unaweza kwenda. Ukikuta mitatu au minne, msikilize yule fundi wa kwanza.

Povu likitoka pembeni, pale mirija inapoungana na kisanduku, au katika mshono wa kisanduku chenyewe, gundi haitadumu. Mahali pale hutikisika na kupanuka kila siku. Hapo panahitaji kulehemiwa kwa mashine ya gesi ya agoni, na fundi aijuaye alumini. Hupatikana katika miji mikubwa. Asije mtu na risasi ya kulehemia akakuambia kwamba aliziba rejeta za malori kwa risasi hiyo miaka thelathini. Ni kweli aliziziba, lakini zile zilikuwa za shaba. Risasi haishiki alumini namna hiyo.

Rejeta ikirudi mahali pake, ijaze maji polepole. Yafaa yawe maji ya rejeta yaliyonunuliwa dukani, au ukiyachanganya mwenyewe, dawa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke nusu, yale yauzwayo kwa ajili ya betri. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, ambavyo huila alumini kwa ndani na kuziba mirija. Ikiwa ulitia maji ya kisima njiani kwa shida, yamwage ufikapo. Kisha uitoe hewa: iwashe kifuniko kikiwa wazi wakati injini ingali baridi, iyumbishe pikipiki kushoto na kulia mara kadhaa, uendelee kuongeza maji kila yanaposhuka, mpaka viputo vikome. Funga kifuniko, jaza chupa ya akiba mpaka kati ya alama zake mbili. Endesha siku ya kwanza karibu na nyumbani, uache ipoe, uongeze. Wengi huiruka hatua hii ya hewa, kisha huja kulalamika kwamba gundi haikufaa, kumbe pampu inazungusha hewa badala ya maji.

Kinga ya siku zijazo si ghali. Inayofaa kwanza ni vyuma vya kinga vya ubavuni, vya bomba, vifungwavyo katika fremu ya pikipiki. Nasisitiza, katika fremu. Nimeona vyuma vizuri vilivyopakwa rangi, vimefungwa kwenye skrubu za rejeta yenyewe. Pikipiki ikianguka, chuma kile ndicho kiivunjacho rejeta. Pigo lazima liishie katika fremu, na kati ya chuma na rejeta pabaki nafasi ya unene wa kidole gumba. Pili, mpira mdogo katika kila skrubu ya rejeta. Ukiwa umekauka na kupasuka ubadilishe, kwani ndio uiachao rejeta isogee kidogo badala ya kukatika. Tatu, wavu wa mbele wa kuzuia mawe yatupwayo na gurudumu. Wavu wa waya utumikao katika vitanda vya kuanikia kahawa unafaa ukiwa na matundu ya milimita tano au sita. Wavu wa dirisha la mbu haufai. Matope ya siku moja yataugeuza ukuta. Baada ya kuufunga, tazama saa ya joto kwenye kilima unachokijua. Ikipanda kuliko zamani, matundu ni madogo mno.

Na kwenye maosheo, mwambie kijana asielekeze mashine yake ya maji yenye nguvu katika rejeta. Kawasaki huagiza asimame mbali kwa zaidi ya nusu mita, tena maji yaingie moja kwa moja, yasiingie kwa mshazari. Mapezi mengi niliyoyaona yamelala yaliangushwa na maosheo, wala pikipiki haikuwahi kugusa ardhi.

Sasa nirudi kwenye beseni, na hapa nazungumza na akina mama na akina baba wa kambini pamoja. Dawa iliyo ndani ya maji yale ya kijani mara nyingi ni glaikoli, nayo ni tamu ulimini. Utamu huo ndio ubaya wake. Kijiko kimoja kikubwa au viwili vya dawa ambayo haijachanganywa na maji vyaweza kumwua mtoto mdogo. Mbwa na kuku pia hunywa. Mtoto aliyeinywa kwanza huonekana kama mlevi, ayumba na kusinzia, baadaye huonekana nafuu, na saa hizo hizo figo zake zinaharibika. Msingoje dalili. Akishukiwa tu, apelekwe hospitali na chupa ile ipelekwe pamoja naye, daktari aione. Wala dawa hiyo isitiwe katika chupa ya soda hata kwa usiku mmoja. Maji yaliyomwagwa yawekwe katika mtungi wenye kifuniko, uandikwe, uwekwe juu kabisa, kisha upelekwe gereji. Kile kidimbwi cha chini ya pikipiki kifunikwe kwa mchanga na kuoshwa kwa maji mengi. Aliyeunguzwa na mvuke naye atiwe mahali pale maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Basi mama wa Mbarara, majibu yako ni haya. Kidimbwi mlichokikuta asubuhi kilitoka pikipiki ikiwa baridi, bila shinikizo lolote. Kwa hiyo ikiwa na moto itatoa maji mara nyingi zaidi ya hapo. Mwambie baba watoto, kwa upole, kwamba mwisho wa mwezi ni mbali mno, na kwamba yuko mtumishi mwingine wa serikali aliyewahi kusema maneno yake. Ivuliwe rejeta, izamishwe karaini, na povu lenyewe ndilo lichague kati ya fundi wa kwanza na mimi. Likitoka katikati, tyubu mbili za gundi na siku moja ya kungoja zitatosha. Likitoka pembeni, ulizieni mwenye mashine ya agoni hapo mjini kabla ya kununua mpya. Mkiona povu mahali pengine nisipopataja, niandikie tena na uchore picha ndogo ya rejeta yenyewe, utie alama palipotoboka.

Maharage tutayatazama juma lijalo.